Shahidi wa Mwanzo

Juu ya kilima ilikuwa saa nne asubuhi, na huku chini ilikuwa alasiri. Hali ilikuwa hivyo tangu Wawahi waliponunua asubuhi yote na kuihamishia kwao. Watu wa chini walipoamka siku hiyo walikuta jua limeshawapita kichwani, limeegemea upande wa pili, na vivuli vyao vimelala ardhini virefu kuliko wao wenyewe. Hawakulalamika sana. Malalamiko hupelekwa asubuhi, ofisi zinapofunguliwa, na asubuhi hawakuwa nayo tena.

Wawahi ni wale waliotajirika mapema mno: wavulana ambao ndevu hazijawaota, wasichana ambao bado wanasukwa mabutu ya shule. Mmoja alijenga ghorofa saba akiwa na miaka kumi na mitatu. Mwingine alinunua mto mzima na samaki wake kabla hajang'oka jino la mwisho la utoto. Hakuna aliyejua hasa walivyoupata utajiri huo, na ndiyo maana kila mtu alitaka kufundishwa. Basi ukajengwa Ukumbi wa Mafunzo kileleni, na watu wakawa wanapanda ngazi mia saba, daftari mkononi na kipande cha muhogo mfukoni, kwenda kusikia jinsi mtu anavyofanikiwa. Funzo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la kuamka alfajiri kabla ya wenzako. Watu ambao hawajaiona alfajiri miaka nenda miaka rudi walilinakili kwa bidii, wakalipigia mstari, kisha wakashuka nalo kwenye alasiri yao.

Kabla ya kufundisha, Mwahi alitakiwa kwanza asimulie mwanzo wake, ameketi sakafuni, ili aonekane alivyokuwa mdogo. Mwanzo ulikuwa na masharti. Uwe wa mikono mitupu, na uwe wa upweke. Pia uwe na shahidi, mtu mzima aliyeona kwa macho yake, anayeketi kiti cha mbele na kusimama simulizi inapokwisha ili aseme maneno mawili matatu ambayo hata watoto wa chini walikuwa wakiyachezea: "Nilikuwapo. Alikuwa peke yake." Shahidi asiposema hivyo, mwanzo umevunjika, na wasikilizaji walikuwa na haki ya kuondoka na mali ya yule Mwahi, kila mmoja na anachoweza kubeba. Iliwahi kutokea. Kulikuwa na binti mmoja, Mwahi wa chumvi, ambaye shahidi wake alisimama akanyamaza. Nyumba yake ilishuka kilima vipande vipande, mlango mgongoni mwa huyu, bati kichwani mwa yule, masufuria yakigongana njia nzima. Yeye mwenyewe hakuna aliyembeba.

Wawahi hawakuwa na watu wa zamani wa kuwashuhudia, kwa hiyo walikodi. Na katika mashahidi wote wa kukodi, hapakuwa na mwingine kama Nyamizi.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye sauti ambayo mtu akiisikia anaiamini kabla hajajua imesema nini. Hakujua ameifanya kazi hiyo miaka mingapi, maana alasiri moja haihesabiki. Alihesabu kwa kandambili. Jozi thelathini na moja zilikuwa zimemkatikia kwenye zile ngazi. Amewashuhudia Wawahi wa matofali, wa asali, wa nywele za bandia, wa mvua. Amewaona wote, kwa maneno yake, wakilala kwenye maboksi, wakiuza mayai ya kuchemsha, wakinyeshewa, wakifukuzwa, wakiwa peke yao. Na ubaya wa kusema jambo kwa sauti nzuri ni kwamba hata mwenye sauti analisikia. Ikawa akikaa nyumbani kwake, akimenya mihogo, zinamjia kumbukumbu ambazo hakuzipata kwa kuishi. Anaona mtoto wa kike ananyonya kipande cha barafu nyuma ya bucha, na moyo unamuuma kabisa, halafu anajiuliza: huyu nilimwona wapi? Nilimwona, au nililipwa nimwone? Alijaribu wakati mwingine kwenda nyuma, kupita mianzo ya watu mmoja baada ya mwingine, akitafuta nyumba yake mwenyewe miongoni mwa nyumba zile zote za mabanzi, na alipodhani ameifikia alikuta imejaa watoto wasio wake, kila mmoja ameketi pembeni peke yake kama alivyoelekezwa. Mtoto wake halisi alikuwa mmoja tu. Huyo naye alipanda kilima akiwa na miaka kumi na miwili, na hakushuka.

Aliyemwelewa kidogo ni fundi Chambuso, mshonaji wa pale ukumbini. Kazi yake ilikuwa kuwashonea Wawahi nguo za mwanzo. Anashona kaptula mpya, mishono imenyooka, vishikizo vyote mahali pake. Kisha anaitandika juu ya jiwe na kuichakaza kwa jiwe jingine mpaka inafanana na shida. Kuchakaza kulikuwa na ufundi kuliko kushona, na bei yake ilikuwa juu zaidi.

"Dada Nyamizi," alimwambia siku moja, sindano mdomoni, "wewe na mimi tunafanya kazi moja. Ila mimi nikimaliza, jiwe nalitupa. Wewe jiwe lako unalitupa wapi?"

"Nakwenda nalo nyumbani, fundi."

"Ndiyo maana umekonda hivyo."

Wakacheka wote wawili, lakini Nyamizi hakuona cha kuchekesha.

Siku Luhende alipokuja, kama ile alasiri isiyokwisha inaweza kugawanywa siku, Nyamizi alikuwa mlangoni anafagia. Aliona kwanza mwanga. Wawahi wanapotembelea chini huja na kipande cha asubuhi yao, na kipande cha huyu kilikuwa kikubwa. Kiliingia uani kabla yake, kikamulika kuta na nyufa zake, kikamfanya jogoo awike.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, kanzu nyeupe, viatu ambavyo havijawahi kukanyaga kinachochafua. Nyamizi alimtazama sikio la kushoto. Pale juu, sikio linapoungana na kichwa, palikuwa na kitundu kidogo alichozaliwa nacho. Ufagio ukamponyoka.

"Nimeambiwa wewe ndiye shahidi bora," alisema yule kijana. "Zamu yangu ya kufundisha imefika. Ni mara yangu ya kwanza. Nahitaji mtu ambaye hatatetereka."

"Luhende. Hunijui?"

"Nimeambiwa vilevile kwamba wewe ndiye uliyenizaa." Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayetaja kijiji alichozaliwa na hajawahi kukiona. "Sikatai. Ila Wawahi husahau watu wao. Sikumbuki, mama, na sipendi kukudanganya."

Nyamizi alimkaribisha kigoda, naye akakaa. Akamwambia. Alijikaza kisabuni asilie, akamwambia yote aliyokuwa nayo: kwamba mguu wake mmoja ulichelewa kupata nguvu, kwa hiyo alimbeba mgongoni mpaka akafika miaka minne na majirani wakawa wanamcheka, kwamba alikuwa akiogopa vyura, na mvua ikinyesha alikuwa halali mpaka ashikwe mkono, kwamba walikuwa wakiuza mihogo pamoja sokoni, yeye akipuliza moto na kupiga chafya kila moshi ukimwingia. Alisema kwa sauti ileile nzuri, maana hakuwa na nyingine.

Luhende alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Hayo ya kubebwa mgongoni," alisema, "ulimsemea pia Mwahi wa matofali. Kwamba bibi mmoja alimbeba, akafariki njiani. Nilikuwapo ukumbini siku ile. Nililia."

"Yule niliambiwa niseme. Wewe nakuambia."

"Nitatofautisha vipi?"

Lilikuwa swali la haki kabisa.

"Kitu ninachokumbuka ni kimoja," Luhende aliendelea, akitazama sakafu. "Sauti. Nimelala chini, macho mazito, na mwanamke anasema: alikuwa peke yake. Anasema tena. Anabadilisha kidogo, anashusha mwishoni, anasema tena. Mara nyingi mpaka nasinzia. Sauti tamu sana. Nilikuwa nikidhani ni mimi ninayesemwa. Nikakua najua hivyo, kwamba niko peke yangu, na wala haikuniuma, kwa sababu niliambiwa kwa upole."

Ilikuwa sauti ya Nyamizi. Alikuwa akifanya mazoezi! Kila mara kabla ya kupanda kilima, mtoto amelala mkekani hatua mbili kutoka kwake, yeye amesimama mbele ya kioo cha ukutani akiyapima yale maneno, ayashushe wapi, ayapandishe wapi, asikike kama mtu aliyeona. Alikuwa akijivunia kwamba mtoto wake halii, analala kwa sauti yake. Miaka yote hiyo hakuwaza hata mara moja kwamba mle chumbani kulikuwa na msikilizaji. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu kukaja uchungu ambao hakuujua jina.

"Na mwanzo wako," aliuliza, "unausimuliaje?"

"Ni wa kivuli." Uso wa Luhende ulichangamka, maana hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake, na kila mtu wa chini alikuwa akiketi ndani ya bidhaa zake. "Nilikuwa mdogo, nimeketi sokoni, jua linanichoma. Nikaona pembeni yangu kivuli kimesimama. Hakina mtu. Kirefu, kizuri, kinafika mpaka miguuni pangu. Nikaingia ndani yake. Mara mzee mmoja akaniomba nafasi, nikampa, akanipa kitu. Akaja wa pili. Ndipo nilipojua kwamba kivuli kinauzwa. Nikakikunja, nikaondoka nacho."

"Kilikuwa na fundo juu? Upande wa kulia?"

"Ndiyo. Kama la kitambaa cha kichwa. Kile kipande mpaka leo kinapendwa na wamachinga."

"Kivuli hakisimami bila mtu, Luhende."

"Hiki kilisimama."

"Uliinua macho ukatazama?"

"Kwa nini niinue macho?" Alishangaa kweli. "Fursa ilikuwa chini."

Yalikuwa hayo basi. Nyamizi ndiye aliyekuwa amesimama pale muda wote wa soko, mguu huu akichoka anahamia ule, amejipanga kati ya jua na mtoto, na hakuondoka hata kiu ilipombana. Alipokuja kugeuka mtoto hayupo, na ardhi mbele yake nyeupe, haina kitu. Tangu siku hiyo Nyamizi hana kivuli. Watu walifikiri ni umaskini.

"Sasa sikia, mwanangu. Nikisimama mle ndani nikasema ukweli?"

"Watabeba vyote." Luhende hakupandisha sauti. "Lakini nitakuamini. Neno la mle ndani halipingwi, hata na mimi. Ukisema ulikuwapo, na mimi sikuwa peke yangu, nitajua hivyo mpaka kufa. Huku nje, mama, unisamehe, neno lako ni kama la mtu yeyote."

"Na nisiposema?"

"Nitakuwa Mwahi, kama wengine." Akasimama, akajikung'uta kanzu. Mlangoni alisita. "Sijaja kukulazimisha. Nimekuja kwa sababu wewe hutetereki."

Akaondoka na asubuhi yake, na ile nyumba ikarudi alasiri.

Siku ya funzo Nyamizi alipanda ngazi akiwa ameamua. Atasema. Njia nzima alikuwa akilisema neno lenyewe moyoni, na kwa mara ya kwanza katika jozi thelathini na moja za kandambili alilisikia. Nilikuwapo. Alikuwa peke yake. Akasimama ngazi ya mia mbili, mkono ukutani. Watu wakampita.

Nilikuwapo. Alikuwa peke yake.

Lakini kama nilikuwapo, alikuwaje peke yake? Ama mimi sikuwapo, ama mimi si mtu. Mara ngapi nimelisema hilo mbele ya umati, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono akauliza? Wanaume wenye ndevu, walimu, mahakimu. Wote wamenakili. Na mimi nimekwenda nyumbani nikala. Nimekula nini? Nimekula kutokuwapo kwangu, kidogo kidogo, na kachumbari.

Yule wa asali: palikuwa na nyuki. Yule wa matofali: palikuwa na waliokanyaga udongo. Yule wa mvua alizaliwa siku ya kiangazi, na kuna mtu alikwenda kumtekea maji ya kuoshea, mwendo wa kutwa. Nani? Yuko wapi leo? Pengine yuko kwenye ngazi hizi hizi, na daftari.

Nitasema. Nilikuwapo, mimi ni mama yake, hicho kivuli ni changu. Watabeba, wabebe. Bati na milango. Atabaki na mimi. Nitambeba tena mgongoni kama ni lazima, sijali anacheka nani.

Alipita sokoni njiani, soko la ngazi ya mia tatu, na aliona watu wameketi ndani ya kivuli chake. Bega lake moja lilikuwa limekodishwa na wauza nyanya. Kiuno kilikuwa kwa kinyozi. Pale lilipokuwa fundo la kitambaa cha kichwa, wamachinga watatu walikuwa wamelala chali, vifua wazi, wakipunga upepo. Hakuna aliyemtambua. Alitaka kukasirika, akashindwa. Walikuwa wamechoka, na jua la huku halina huruma. Aliwaacha wapumzike akaendelea kupanda.

Ukumbini kulijaa pomoni. Fundi Chambuso alimpokea mlangoni akamwonyesha kwa mbali kaptula aliyomchakazia Luhende. Ilikuwa kazi safi. Magoti yalikuwa yametoboka pale hasa ambapo magoti ya mtoto hutoboka.

"Nimeipiga kwa mkono mwepesi," fundi alinong'ona. "Huyu bado mtoto mtoto." Kisha akamtazama vizuri. "Dada, mbona uso huo? Una nini?"

"Nina neno, fundi."

"La leo?"

"La leo."

Fundi alielewa, au alielewa nusu. Alitazama ule umati, akatazama mlango, akasema kwa sauti ya chini: "Mimi sikufundishi kazi yako. Lakini watazame kwanza walichobeba."

Nyamizi alikwenda kwenye kiti chake cha mbele, na kabla ya kuketi aligeuka akawatazama. Alikuwa amezoea kuwaona nyuso. Safari hii aliona mikono. Kila mmoja alikuwa na daftari katika mkono mmoja, na katika mkono wa pili, limekunjwa vizuri, gunia. Walikuwa nayo magunia siku zote, hakuna mwaka waliokuja bila magunia. Wengine walikuwa na kamba za kufungia mizigo. Mzee mmoja wa safu ya pili, mwenye uso mwema kabisa, alikuwa akiviangalia viatu vya Luhende vilivyoachwa pembeni ya jukwaa, na mguu wake mwenyewe ukawa unajipima ndani ya ndara. Walikuja kusikia jinsi mtu anavyopanda, na walikuwa tayari kabisa kwa namna ile nyingine.

Luhende alitoka akaketi sakafuni. Katika ile kaptula alionekana wa miaka tisa. Jua la saa nne liliingia kwenye dirisha kubwa la jukwaani likamwangukia usoni moja kwa moja, na akaanza kusimulia akiwa amekunja uso, jicho moja limefumba, kama alivyokuwa akifanya sokoni. Alisimulia vizuri. Alisimulia njaa, alisimulia vumbi, akafika kwenye kivuli.

"Hakikuwa na mtu," alisema. "Nilitazama kushoto, nilitazama kulia. Nilikuwa peke yangu."

Mahali pa shahidi.

Nyamizi alisimama. Ule ukweli alikuwa nao wote mdomoni, umeshapangika, na ulikuwa mwepesi kuliko alivyotazamia. Akavuta pumzi.

Na Luhende akainua macho.

Hakutazama vile Mwahi anavyomtazama shahidi wake. Alimtazama kutoka chini, akiwa ameketi na mama yake amesimama, mbali kidogo, na usoni mwake mlikuwa na hofu tupu ya mtoto aliyesikia vyura. Kule sokoni alikuwa hajainua macho. Hii ndiyo mara yake ya kwanza kuona nani amesimama kwa juu. Midomo yake ilitikisika kidogo na Nyamizi hakujua inasema nini, sema au usiseme. Huenda hata mwenyewe hakujua. Nyuma ya Nyamizi, mahali pengi kwa pamoja, magunia yalikuwa yakikunjuliwa taratibu. Yalikuwa na sauti ya kukwaruza, sauti ndogo sana.

Alipiga hatua mbili mpaka mbele ya jukwaa. Alijiweka kati ya dirisha na mtoto, mabega wazi, ametanua kanga kwa mikono yote miwili kama zamani. Jua likampita. Likapita kifuani, likapita kwenye kanga, likaendelea kumchoma Luhende usoni kana kwamba mbele yake hapajasimama mtu. Hakuwa na kitu cha kumkinga nacho. Kivuli alishampa, na mgongo ule wa kumbeba ulikuwa umeshazeeka, na magunia yalikuwa mengi. Kilichobaki ni sauti. Akaona kwamba kwa sauti hiyo anaweza kumpa mwanawe mama, au anaweza kumpa paa, na muda wa kutoa vyote viwili ulipita kitambo, mbele ya kioo cha ukutani, mtoto akisinzia.

Alimpenda sana. Liandikwe na hilo, hata kama halina funzo.

"Nilikuwapo," Nyamizi alisema, na sauti haikutetereka. "Alikuwa peke yake."

Makofi yalipasuka kama bati lililopigwa na mvua. Magunia yakakunjwa. Yule mzee wa safu ya pili alifuta machozi, machozi ya kweli, na akaanza kutafuta kalamu. Luhende alikaa sekunde moja zaidi pale chini, akimtazama, na uso wake ukawa unajifunga polepole, hofu ikitoka na kitu kingine kikitoka pamoja nayo. Alisimama, akavaa viatu vyake.

"Asante, shahidi," alisema.

Akageukia umati. "Funzo la kwanza," akaanza, na sauti yake ilikuwa nzuri. Aliirithi kwa mama yake. "Usimngoje mtu. Hakuna anayekuja."

Madaftari elfu yalifunguliwa. Nyamizi alirudi kwenye kiti chake akakuta kimekaliwa. Mama mmoja kijana aliyechelewa, jasho la ngazi bado linamtiririka, alikuwa amekiona kitupu akaketi, na amempakata mtoto wa kike wa miaka mitano au sita. Alikuwa amemzungushia mkono kiunoni asidondoke, na kwa mkono wa pili anaandika juu ya goti la mtoto. Nyamizi alichuchumaa sakafuni kando yao.

"Umesikia?" yule mama alimnong'oneza bintiye, mdomo sikioni, kwa upole mkubwa. "Alikuwa peke yake. Na ona alipofika."

Mtoto alifikiri. Alikuwa ameegemeza kichwa kifuani kwa mama yake, miguu inaning'inia.

"Na mimi niko peke yangu?"

"Ndiyo, mwanangu!" Yule mama alifurahi, akambusu utosini. "Ndiyo. Unajifunza haraka wewe."

Nyamizi alimshika mkono, ule wenye kalamu. "Mwambie upo," alisema. "Mwambie sasa hivi, angali mdogo. Mwambie."

Yule mama alimtazama kidogo, akaona mwanamke mzima anayetokwa na machozi, akadhani ni simulizi iliyomgusa. Akamtabasamia. Kisha akaweka kidole mdomoni kumwomba anyamaze, kwa adabu tu, maana funzo la pili lilikuwa limeanza.